Chumba cha Vitabu na Meza ya Majaribio

Hotuba iliyosomwa na Katibu wa mojawapo ya vyama vya msingi katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu, siku moja kabla ya Mkutano Mkuu

 

Nilipoletewa barua ya kunitaka niseme maneno katika sherehe hii, nilidhani nimeitwa kuhesabu magunia, maana katibu wa chama cha ushirika hajulikani kwa jambo jingine. Lakini hesabu za miaka kumi, yaani kilo zilizokusanywa, bei zilizolipwa, na madeni tuliyoyamaliza na tusiyoyamaliza, zimekwisha pangwa vizuri na Mhazini katika kurasa nyingine za kitabu hiki, nami sina la kuongeza. Nimeomba ruhusa ya kunena juu ya chumba kimoja tu, chenye mlango mmoja na madirisha mawili, kilichoko nyuma ya ofisi ya chama chetu cha msingi. Baadhi yenu mmekiona. Wengine mmesikia habari zake kwa ubaya, na hao ndio nitakaojitahidi zaidi kusema nao.

Kesho Mkutano Mkuu utaamua jambo la saba katika orodha, kwamba Chama Kikuu kitenge sehemu mbili na nusu katika kila mia ya ziada yake, baada ya akiba ya lazima kutolewa, ili kila chama cha msingi kipate kuwa na chumba cha vitabu na meza ya majaribio kwa ajili ya watoto wa shule za msingi. Wako wajumbe wasemao kwamba fedha hiyo yafaa iwekwe kwa ununuzi wa lori la pili. Mimi si adui wa lori. Nimepata kulala njiani juu ya magunia ya kahawa, mvua ikininyea hata alfajiri, kwa ajili ya gurudumu lililopasuka, na usiku ule sikufikiri habari za vitabu hata kidogo. Hata hivyo naomba mnisikilize kabla hamjainua mikono.

Chumba hicho kilikuwa ghala la mbolea. Mbolea ilipohamishiwa katika ghala jipya, kilibaki na panya na magunia matupu. Wakati wa msimu wazazi hupanga foleni ya kupimiwa kahawa tangu asubuhi, na watoto wanaotoka shuleni huja kuwangojea, wakirushiana mawe na kupanda juu ya mizigo ya watu. Mwalimu mmoja wa hesabu alituomba chumba kile awaweke watoto humo kwa saa mbili tatu. Halmashauri ilikubali, na nadhani wengi walikubali kwa sababu ya makelele tu. Fundi seremala alitutengenezea rafu na meza mbili ndefu. Tulitia ndoo ya maji na sabuni mlangoni, kwa kuwa mtoto atokaye shambani huja na shamba mikononi mwake.

Mtu asidhani kwamba vitabu vya watoto kwa lugha ya Kiswahili havipo. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukishughulika kuongeza idadi yake, na wachapishaji wetu wa hapa nchini wanavyo vya hadithi, vya wanyama, vya miili yetu na vya nyota. Kilicho adimu ni mahali ambapo mtoto wa kijijini aweza kukishika kitabu, akakifungua mwenyewe, na asiambiwe arudishe upesi. Shule moja niliyosoma mimi nilipokuwa mdogo ilikuwa na kabati la vitabu. Lilikuwa na kioo safi na kufuli nzuri. Tuliviona vitabu hivyo kwa miaka mingi, migongo yake yenye rangi, wala sikumbuki kwamba kufuli ile ilifunguliwa isipokuwa siku ya kuja mgeni. Sikusudii kuwalaumu walimu wetu. Waliogopa vitabu visichakae, nao wangalidaiwa. Lakini kitabu kisichochakaa hakijasomwa na mtu.

Kwetu kanuni ni fupi. Mtoto huazima kitabu kimoja kwa juma moja, naye huandika jina lake kwa mkono wake katika daftari. Vimepotea vitabu kadha wa kadha, sifichi. Kimoja kililiwa na mbuzi hata jalada, na katika daftari kimeandikwa kwa jina la mbuzi.

Basi, wako waliouliza kama kazi hii ni ya ushirika au ni ya Serikali. Swali hili ni la haki. Shule ni za Serikali, na Maktaba Kuu ya Taifa iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967 ni ya umma wote. Lakini tukitazama asili ya ushirika wenyewe, twaona kwamba wale watu 28 wa mji wa Rochdale, katika nchi ya Uingereza, ambao mwaka 1844 walifungua duka dogo la unga, siagi na sukari, hawakukawia kufungua chumba cha kusomea. Nao walikuwa watu maskini, baadhi yao wafumaji wa nguo. Ilipofika mwaka 1854 waliweka kanuni kwamba sehemu mbili na nusu katika kila mia ya ziada yao itumiwe kwa elimu. Bila shaka mmekwisha tambua hesabu ya jambo letu la saba imetoka wapi. Na katika chumba chao hamkuwa na vitabu na magazeti peke yake, bali palikuwa na ramani, tufe la dunia, hadubini ya kutazamia vitu vidogo na darubini ya kutazamia vya mbali. Wauza unga wale waliona kwamba mtu hukidhi haja yake kwa kusoma, na pia kwa kutazama kwa jicho lake mwenyewe.

Hapo ndipo meza inapoingia. Wataalamu wa elimu siku hizi huyataja mambo matano kwa pamoja: sayansi, teknolojia, uhandisi, sanaa na hisabati, na kwa Kiingereza herufi za mwanzo za maneno hayo zikiunganishwa hufanya neno moja lenye maana ya mvuke. Jina hilo lisiwatishe. Mama ajengaye kihenge kisichoingiwa na panya, akakadiria kitachukua debe ngapi, akakipamba kwa udongo mwekundu, amekwisha yafanya yote matano, wala hakuna aliyempa cheti. Katika chumba chetu mtoto husoma jambo kitabuni, kisha hulijaribu mezani, kisha huandika au huchora alichokiona. Mara nyingine mambo huanzia mezani na kuishia kitabuni, nayo si vibaya.

Nitawaeleza machache yafanyikayo, maana kulitaja jambo bila kulieleza ni kuwapotezea wakati.

Lipo jaribio la chupa na chumvi. Watoto huchukua chupa iliyokauka kabisa, yenye kifuniko, hutia mahindi ya nyumbani hata theluthi ya chupa, kisha hutia vijiko vichache vya chumvi iliyokaushwa vizuri juani au juu ya moto. Huitikisa kwa dakika chache, huiacha itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandama ubavuni mwa chupa, mahindi hayo yana unyevu upitao kiasi cha 15 katika mia, nayo ni mabichi mno kutiwa ghalani. Isipogandama, yamekaribia kufaa, ingawa siku mbili zaidi za jua hazidhuru. Nyote mnajua kwa nini jambo hili si mchezo. Mwaka 2016 sumukuvu iliwaugua watu huko Dodoma na Manyara, na wengine wakafa kwa kula chakula walichokilima wenyewe. Kuvu ile hupenda unyevu. Siku ya kwanza watoto walipoleta mahindi ya kwao, chupa zilizogandamwa na chumvi zilikuwa nyingi kuliko zile zilizobaki safi, na jioni ile kijijini kwetu turubai zilitandazwa upya nyua nyingi. Bwana Shamba alikuwa ametuambia yale yale miaka yote. Lakini mzazi aliyeambiwa na mwanawe, chupa ikiwa mkononi, hawezi kusema kwamba hakusikia.

Lipo pia la mvua. Chupa ya maji ya dukani hukatwa shingo, na shingo hupinduliwa ikawa mrija wa kupokelea. Kwa kuwa kitako cha chupa kina mabonde, hutiwa changarawe na maji hata kufika mahali palipo sawa, hapo hupigwa mstari wa sifuri, na rula hufungwa ubavuni. Kila asubuhi saa moja mtoto wa zamu husoma milimita na kuziandika. Katika kitabu cha hesabu wamejifunza kwamba milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi mwaka jana walipima bati la ofisi yetu, mita 12 kwa mita 5, wakapata mita za mraba 60. Usiku mmoja ikanyesha milimita 20. Asubuhi waliniletea karatasi yenye hesabu: lita 1,200 zimeanguka juu ya bati la chama na kumwagikia barabarani, ilhali karani alikuwa akilipa watu wa kuteka maji ya kuoshea mitambo. Niliisoma karatasi ile mara mbili. Leo tuna mfereji wa bati na tangi.

Juu ya sanaa nilikuwa na shaka, nakiri. Nilidhani kuchora ni kuharibu karatasi. Mwalimu aliwapa kila mmoja jani la mbuni akawaambia walichore sawasawa na lilivyo. Wengi walichora upande wa juu, wa kijani. Mmoja akaligeuza, akaona chini yake vumbi la rangi ya machungwa katika mabaka, naye akalitazama kwa tone la maji lililowekwa juu ya karatasi ya nailoni, ambalo hukuza kama lenzi. Alichora kila baka mahali pake. Ilikuwa ni kutu ya majani. Picha hiyo tuliibandika karibu na dirisha la kupimia, na watu waliokuwa katika foleni wakaanza kuulizana nani ana majani kama yale, kwa sababu mkulima hupita shambani akiyatazama majani kutoka juu, na ugonjwa hukaa chini.

Mtaniuliza: je, mtoto wa maskini atapata nini katika rafu mbili za vitabu? Nitawapeleka kwa jirani zetu wa Malawi, katika kijiji kilicho karibu na Wimbe, wilaya ya Kasungu. Mwaka 2002, baada ya njaa kubwa iliyoingia nchi ile, mtoto wa mkulima aitwaye William Kamkwamba, wa miaka 14, aliacha shule ya sekondari kwa sababu baba yake hakuwa na ada. Asipotewe na masomo, alianza kwenda katika maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe. Humo aliona kitabu cha Kiingereza juu ya nguvu za asili, chenye picha ya vinu vya upepo. Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Alisoma picha na michoro kwanza, na maneno akayafuata kwa taabu. Akaenda kuokota vyuma chakavu: baiskeli mbovu, feni ya trekta, bomba la plastiki alilolipasha moto na kulinyoosha likawa mapanga ya kinu. Mnara aliufanya kwa magogo ya mkaratusi. Wengine walidhani ana wazimu. Siku upepo ulipovuma, taa iliwaka mkononi mwake, na baadaye majirani wakaja kuchaji simu zao. Mwaka 2007 aliletwa Arusha, hapa hapa kwetu, asimulie habari yake katika mkutano mkubwa wa watu wa mataifa mengi.

Nataka mlitazame jambo moja katika habari hiyo. Maktaba ile haikuwa ya chuo kikuu, wala aliyeiweka hakujua kwamba atakuja mtoto wa namna ile. Ilikuwapo tu, na mlango ulikuwa wazi siku aliyokuja.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelingojea tangu nilipoanza, na wengine mmekuja kwa ajili yake. Ni habari ya mizani.

Mwalimu aliwafundisha watoto kutengeneza mizani kwa fimbo iliyotundikwa katikati kwa uzi, na makopo mawili huku na huku. Walihitaji mawe ya kupimia, nasi hatukuwa nayo. Wakasoma kwamba lita moja ya maji safi ina uzito wa kilo moja, karibu sawasawa kabisa, kwa sababu huko Ufaransa, mwishoni mwa karne ya kumi na nane, kipimo hicho cha uzito kilianzishwa kwa kufuata maji. Kwa hiyo mtoto mwenye chupa ya lita moja ana jiwe la mizani mkononi. Walipima vitabu, walipima viatu vya mwalimu, walipima kuku. Kisha, kama ilivyo desturi ya watoto, wakataka kupima kitu kikubwa.

Walichukua dumu, wakalipima likiwa tupu: kilo moja. Wakalijaza kwa chupa ya lita, chupa ishirini kamili, wala hawakulijaza hata mdomoni, maana waligundua kwamba dumu lililojazwa hata mdomoni huchukua zaidi ya lita 20. Basi jumla ni kilo 21. Chama chetu kina vituo viwili vya kupimia, cha juu na cha chini. Katika kituo cha juu mizani ya saa ilionyesha 21. Katika kituo cha chini ilionyesha 20 na nusu. Walirudia mara tatu. Kisha mmoja wao akasema, tutundike madumu mawili, tuone kama kosa litabaki nusu au litakua. Mizani ikaonyesha 41 badala ya 42. Kosa lilikuwa limekua na mzigo.

Nilikuwa nikiandika stakabadhi. Binti wa darasa la tano alisimama mbele ya meza yangu, akasema, "Shikamoo, Katibu. Samahani, mizani ya chini inapunguza." Nami nilimjibu, "Marahaba. Nenda kacheze."

Wazee wangu, nimeyasema maneno haya katika chama chetu, nami nayasema hapa mbele ya Chama Kikuu, kwa kuwa yamekwisha semwa pembeni na watu wasioyajua vizuri. Sikumfukuza kwa sababu sikumwamini. Nilimfukuza kwa sababu nilimwamini. Mwishoni mwa msimu uliotangulia, kahawa iliyopimwa mtamboni ilikuwa imezidi ile iliyoandikwa katika stakabadhi za wakulima. Vyama vingi hulia kwa upungufu. Chama chetu kilikuwa na ziada ya uzito. Katika mkutano nilisifiwa kwa utunzaji mwema, nikapigiwa makofi, nami niliinama kushukuru. Binti yule alipotamka neno lake, nilifahamu mara moja kahawa ile ya ziada ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya watu wa kituo cha chini, yapata kilo 24 katika kila kilo 1,000 walizoleta. Na mbao za rafu za chumba cha vitabu zilinunuliwa kutoka katika ziada ya mwaka ule.

Nilinyamaza siku mbili. Siku ya tatu mwalimu alikuja na daftari la watoto, lenye jedwali lililopigwa mistari kwa rula, tarehe, vipimo vitatu vitatu, na majina ya waliosoma. Nilipoliona sikuweza kunyamaza tena. Tulimwita Mwenyekiti wetu, tukaandika barua kwa mkaguzi wa vipimo. Alipofika na mawe yake halisi alithibitisha yaliyosemwa na watoto, akaifunga mizani ile isitumike. Lakiri yake ilikuwa imepita muda wake wa kukaguliwa, na aliyepaswa kukumbuka tarehe ni katibu, yaani mimi.

Tulizifungua stakabadhi za kituo cha chini za msimu mzima, tukahesabu upya, tukalipa. Malipo hayo yalikula karibu ziada yote ya mwaka ule, hata hapakuwa na malipo ya pili kwa mtu yeyote. Watu wa kituo cha juu walikasirika, na hadi leo wako wasionisalimu vizuri. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alisimama mkutanoni akasema kwamba tumewafundisha watoto utovu wa adabu, kuwapekua wakubwa wao, na kwamba chumba kile kimetukosanisha ndugu kwa ndugu. Nami namjibu kwa heshima: mtoto hakuifanya kasoro ile, aliikuta. Mwaka mzima kabla ya mtoto kupima, watu wa chini walikuwa wakirudi nyumbani na fedha pungufu, wakiwasalimu wa juu kwa uzuri, kwa kuwa hawakujua.

Kuhusu adabu, nitataja mfano wa mwana wa nchi hii. Erasto Mpemba alipokuwa mwanafunzi katika shule ya sekondari ya Magamba, mwaka 1963, aliona kwamba maziwa ya askrimu aliyoyatia jokofuni yakiwa moto yaliganda kabla ya yale yaliyokuwa yamepoa. Aliuliza sababu, akaambiwa amechanganyikiwa, na wenziwe wakamcheka. Hakuacha kuuliza. Alimwuliza hata Profesa Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuwa amekwenda kuzungumza na wanafunzi. Naye Profesa hakumcheka, bali alirudi akalijaribu, na mwaka 1969 majina yao wawili yalichapishwa pamoja katika jarida la kufundishia fizikia. Wataalamu wanabishana juu ya jambo hilo mpaka leo, lakini duniani kote huitwa kwa jina la Mpemba. Alikuwa kijana wa shule aliyeuliza kwa adabu, nami binti yule aliniamkia kabla hajanena.

Nilikwenda shuleni, nikamwomba radhi mbele ya wenziwe. Hakujua la kufanya. Aliniuliza tu kama aweza kuazima vitabu viwili badala ya kimoja. Kanuni ni kimoja. Nilimpa viwili.

Tangu jana nimeambiwa na wajumbe zaidi ya mmoja, kwa sauti ya chini, kwamba lori ni jambo la salama, maana lori halipimi mizani ya mtu. Nimecheka nao. Lakini iwapo hiyo ndiyo sababu ya kura ya kesho, afadhali isemwe mkutanoni kwa sauti kubwa, wakulima waisikie.

Sitaki mdhani kwamba chumba chetu hakina kasoro. Kwa muda mrefu wavulana wakubwa waliishika meza, na wasichana walibaki rafuni, kwa kuwa walichelewa kufika. Walikuwa wakiteka maji na kupika kwanza. Tulibadili saa, tukaweka siku moja ya juma ambayo wasichana hutangulia mezani. Tulipewa sanduku la vitabu kutoka ng'ambo, na karibu vyote havifai: vinaeleza theluji na treni za chini ya ardhi kwa Kiingereza kigumu. Kompyuta moja tuliyopewa imekaa mwaka mzima chini ya kitambaa. Vitu vinavyotumika sana ni vile vya bei ndogo, yaani chupa, chumvi, uzi, rula, makopo, penseli za rangi, lenzi mbili, madumu.

Gharama iliyo kubwa ni mtu. Chumba kisicho na mtunzaji hurudi kuwa ghala kabla ya msimu kwisha. Nimeona kwa macho yangu mbolea ikianza kurudi pembeni, mfuko mmoja, kisha mitatu, wakati mwalimu alipohamishwa. Yatupasa kumlipa kijana aliyemaliza shule, mwenye subira, anayeweza kusoma kwa sauti na asiyeona haya kusema kwamba hajui. Kwa hiyo naomba katika jambo la saba posho ya mtunzaji iandikwe kwanza, na vitabu baadaye. Tukifanya kinyume chake tutanunua makabati yenye kufuli nzuri.

Watoto wa chumba chetu wamefika hapa leo asubuhi, wameletwa na hilo lori letu moja, pamoja na meza yao. Wako chini ya mwembe nyuma ya ukumbi, na mwalimu wao. Baada ya chakula watawaonyesha chupa za chumvi. Aliye na mahindi ya nyumbani mfukoni au kikapuni na ayachukue. Na katibu yeyote aliyekuja na mizani yake ya kutundika, kama ilivyoagizwa katika barua ya mwaliko, aipeleke huko pia. Maji yamekwisha tekwa.